Ndugu Wagombane, Bendi Isife: Vidokezo 12 kwa Mpatanishi Mkimya

Wewe tunakufahamu. Kaka mkubwa anafoka, mdogo wenu anajibu, dada ametupa maiki juu ya kiti, na wewe umeinama unakaza nyuzi za gitaa ambazo zimekaza tangu asubuhi. Hujasema neno. Lakini wote watatu, kabla hawajalala, watakupigia simu mmoja mmoja: "Sasa wewe umeonaje?"

Hongera, cheo ndicho hicho. Hakina posho, hakiandikwi kwenye bango la shughuli, na ukikiacha wiki moja tu moshi unaanza kufuka. Huku kwetu Songwe bendi za familia zipo za kila namna: za injili zinazozunguka makanisani kuanzia Tunduma mpaka Mlowo, za harusi na kipaimara, na zile zinazovuka kwenda kupiga Nakonde na kurudi usiku na vyombo vyake. Nyingi hazifi kwa kukosa kazi. Zinauawa na maneno ya nyumbani.

Habari njema ni kwamba kazi ya mpatanishi haifanyiki siku ya ugomvi. Siku hiyo umeshachelewa. Inafanyika kabla, kwa mambo madogo madogo ambayo yanaunyima ugomvi chakula. Tuanze!

1. Ridhimu si kiti cha aibu

Mpiga solo yeyote anayejiheshimu analijua jina la Dr Nico wa Kongo, Nicolas Kasanda. Sasa muulize nani alikuwa anapiga ridhimu nyuma yake. Alikuwa kaka yake mkubwa, Charles Mwamba, maarufu Dechaud. Walikuwa wote African Jazz ya Joseph Kabasele, wakaenda wote Brussels Januari 1960 kwenye Mkutano wa Meza ya Duara uliojadili uhuru wa Kongo, safari iliyozaa "Indépendance Cha Cha". African Jazz ilipopasuka mwaka 1963 wakaingia wote African Fiesta. Nayo ilipopasuka, Dechaud akabaki na mdogo wake. Hebu fikiria: kaka mkubwa, katika jamii zetu hizi za kumpisha mkubwa kiti, anakaa nyuma ili mdogo wake ang'are, na muziki unanoga!

Kwa hiyo usijione mdogo kwa kukaa nyuma. Ukikaa nyuma unawaona wote. Na hii hapa mbinu yako ya kwanza: sauti zikianza kupanda mazoezini, usinyanyuke kuhutubia. Anza kupiga. Chagua wimbo mnaoujua tangu utotoni, wenye sauti mbili au tatu, uupige polepole. Mtu hawezi kuingia sauti ya pili huku anamtukana wa sauti ya kwanza. Pumzi hazitoshi.

2. Andika saa za pande zote mbili

Hiki ni cha sisi wa mpakani. Wa Morogoro asome tu acheke. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mwenye harusi wa Nakonde akisema shughuli inaanza saa nane mchana, Tunduma ni saa tisa. Kaka aliyefuata saa ya nyumbani anakaa juu ya spika saa nzima na njaa yake, mdogo anayejua saa za kule anaingia taratibu anatafuna muwa, na hapo tayari mna kesi. Simu nayo haisaidii. Ikinasa mtandao wa ng'ambo inaweza kujibadilishia saa yenyewe nawe bado umesimama Sogea, upande wetu.

Dawa yake haichukui hata dakika. Ukituma ujumbe wa kazi kwenye grupu, andika zote: "Tunaanza saa nane ya Nakonde, ambayo ni saa tisa ya Tunduma. Vyombo vitoke nyumbani saa sita ya Tunduma." Kisha taja jina la mtu atakayebeba orodha ya vyombo na makaratasi ya kuvukia. Jina moja tu. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kimerahisisha mengi, lakini hakimsaidii aliyesahau makaratasi mezani, na hakuna ugomvi unaokolea haraka kama ule wa "si nilijua utachukua wewe".

3. Fungu la vyombo litoke kwanza

Ndugu hawagombani kwa sababu pesa ni kidogo. Wanagombana kwa sababu hawakuiona ikihesabiwa. Basi ihesabiwe wote wakiwepo, palepale, kabla mtu hajapanda bodaboda.

Tuseme shughuli imelipa laki sita na nyie mko sita. Nauli na mafuta ya jenereta 80,000, toa. Fungu la vyombo 100,000, toa: hilo ni la kebo, nyuzi, na ile spika inayokoroma. Zimebaki 420,000, kila mmoja 70,000 mkononi. Imeisha. Fungu la vyombo likitoka mwanzo, hakuna anayelihesabu kuwa lake. Likitoka mwisho, kila mmoja anaona amenyofolewa kwenye jasho lake. Hesabu ni ileile, mpangilio ndio unaoleta amani au vita.

Mkilipwa kwacha, kubalianeni mapema nani anabadilisha na lini, na kiwango kitajwe mbele ya wote. Kiwango cha asubuhi na cha jioni huwa havifanani, na yupo ndugu mmoja (unamjua) atakayechungulia simu na kusema umemla.

4. Tunzo iende kwenye bakuli

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo bendi nyingi za ndugu zinapochanika.

Ni msimu wa kahawa Mbozi, wakulima wamelipwa, ukumbi wa Vwawa umejaa. Dada yenu ameingia kwenye kiitikio na ukoo wa bwana harusi umesimama. Mama mmoja mwenye kitenge cha sare anakuja anacheza, mkono juu, noti ya elfu tano imekunjwa mara moja. Anambandika dada kwenye paji la uso. Noti inashikilia sekunde mbili kwa jasho, inadondoka, mpambe anaiokota. Anakuja mjomba na elfu kumi, hiyo inaingia kwenye mkanda. Mpiga dramu anaziona zote, maana amekaa mahali palipoinuka. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyepita nyuma ya jukwaa kumbandika noti mpiga dramu. Ikifika saa sita usiku dada ana tunzo kuliko malipo ya bendi nzima, na anasema, kwa haki kabisa, "Mimi ndiye nimetunzwa." Na mpiga dramu anasema, kwa haki kabisa, "Alikuwa anacheza kwa ngoma ya nani?"

Wote wawili wana haki, na ndiyo maana kesi hii haihukumiki. Usijaribu. Ipange kabla. Weka bakuli zuri mbele ya jukwaa, lenye kitambaa, na MC aambiwe mapema atangaze kuwa tunzo za bendi zinakwenda pale. Zinazobandikwa usoni zihamie bakulini wimbo ukiisha. Aliyeimba achukue sehemu yake ya ziada, mkubaliane wenyewe, hata robo, maana kusimama mbele ya watu nako ni kazi. Zinazobaki zigawanywe sawa.

Sasa tazama ujanja wenyewe. Usilitoe wazo hili wewe. Likitoka kwa mpiga ridhimu linanuka wivu. Nenda kwa anayetunzwa, siku ya kawaida, mwambie: "Dada, wewe ndiwe unayetunzwa. Likitoka kinywani mwako wataona ukarimu." Kisha nyamaza. Atakapolisema kwenye kikao, shangaa kama wengine.

5. Mikisa apewe jirani

Vita ya sauti inajulikana: solo anajiongeza kidogo, kinanda naye anajiongeza, besi anaona wamemfunika, na kabla ya wimbo wa tatu bibi harusi ameziba masikio. Kila ndugu anaamini mikisa ikishikwa na mwenzake yeye anazimwa makusudi. Kwa hiyo asiishike ndugu yeyote. Mfundishe kijana wa jirani mwenye masikio mazuri, mlipeni, na sheria iwe moja: wakati wa shughuli hakuna anayemgusa wala kumkonyeza. Malalamiko yatahamia kwake, naye halali nyumbani kwenu. Raha iliyoje!

6. Wewe si posta

"Mwambie kaka yako kwamba mimi..." Simama hapo hapo! Neno likitoka Majengo kwa mdogo na kufika Mpemba kwa kaka limeshaongezewa chumvi njiani, na aliyelibeba ni wewe. Kesho wote wawili watakuita mchonganishi, wewe uliyetaka kusaidia.

Jifunze sentensi moja na uizoee kama salamu: "Hilo la maana, mwambie mwenyewe. Nikusindikize?" Mara nyingi hasira inayeyuka hapo hapo, kwa sababu alitaka kusikilizwa tu. Isipoyeyuka, msindikize kweli, kaa mlangoni, na usichangie.

Jambo moja tu unaruhusiwa kubeba, nalo ni sifa. Kaka akisema mdogo wake alipiga vizuri jana, lifikishe mbio, na chumvi ukitaka ongeza.

7. Ongea mikono ikiwa na kazi

Vikao vya kuitana sebuleni, viti vimetazamana, baba katikati, vina sifa moja kubwa: kila mtu anakuja na hotuba. Jaribu kinyume chake. Maneno magumu yaseme mkiwa mnakunja kebo, mnapakia spika, mnamenya viazi vya wageni. Mikono ikiwa na kazi, macho hayagongani, na mdomo unalegea.

Sisi watu wa Tunduma tumepewa na ukumbi wa bure kabisa wa kazi hii: foleni. Malori yakijipanga kusubiri kuvuka, hata Noah yenu inatambaa kutoka Mpemba kama haitaki kufika. Mmekaa bega kwa bega, hakuna wa kushuka na kuondoka kwa hasira maana vyombo viko nyuma. Anza na kitu chepesi, kisha: "Kaka, jana kwenye wimbo wa pili niliona umekasirika. Ilikuwa nini?" Halafu acha foleni ifanye kazi yake.

Na tafadhali, ugomvi usijibiwe kwenye grupu la WhatsApp. Mle yumo shangazi, yumo binamu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kushika hata kayamba, na wote watatoa maoni. Mtu akiwasha moto mle ndani, mpigie yeye peke yake.

8. Mpe bibi kazi

Kaka mkubwa haambiwi na mdogo wake kwamba anaringa. Lakini bibi yenu? Bibi na mjukuu ni watani, na mtani hana mipaka. Anaweza kumwambia mbele ya wote, "Wewe mume wangu, siku hizi unaimba umefumba macho, hata huoni wenzako wameacha kupiga," na kaka atacheka badala ya kuvimba.

Mbinu: mtembelee bibi kabla ya Jumapili mnayokula pamoja, na sukari yake na majani ya chai. Usimshitaki mtu. Msimulie tu mazoezi yalivyokwenda, sauti ya kawaida, kisha uondoke zako. Bibi hajasomea upatanishi, lakini familia nzima imepita kwenye mgongo wake, atajua pa kugusa. Kama hayupo, mjomba mcheshi anaweza kushika nafasi. Shangazi mkali, hapana.

9. Jina na nyimbo viandikwe mkiwa bado mnacheka

Wilson Peter na George Peter Kinyonga walikuwa ndugu, vijana wa Tanga. Mwaka 1966 walikuwa Jamhuri Jazz, palepale Tanga. Mwaka 1970 wakahamia Arusha na kuunda Arusha Jazz wakiwa na ndugu yao William, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya, ambako bendi ikawa Simba Wanyika. Watu wa Tunduma hatuhitaji kuelezwa maana ya kuvuka mpaka na gitaa begani ukatafute riziki.

Mwaka 1978 wapigaji kadhaa waliokuwa wakiwazunguka ndugu hao, akiwemo Omar Shabani wa ridhimu, waliondoka wakaanzisha Les Wanyika, hao hao wa "Sina Makosa". Baadaye Issa Juma naye akawa na Super Wanyika. Jina moja likawa na koo tatu, na mpaka leo ukimtajia mzee wa zilizopendwa neno Wanyika atakuuliza: wepi? Ndugu wenyewe waliendelea na Simba Wanyika mpaka George alipofariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, bendi ikaishia hapo. Kwa kujumlisha, ni zaidi ya robo karne ndugu wawili wakipiga muziki pamoja. Wangapi kati yetu tunafikisha hata Krismasi mbili?

Mimi katika historia hiyo naona mambo mawili ya kukusaidia wewe. La kwanza, anayeweza kuondoka si lazima awe ndugu. Katika bendi ya familia mpiga besi asiye wa ukoo anakuja mazoezini na kukuta mambo yameshaamuliwa jana usiku kwenye sinia la ugali. Hana pa kusemea. Mwite kwenye hesabu, mwite kwenye kupanga, na mara mojamoja umuulize yeye kwanza kabla ya kaka.

La pili ni daftari. Nunua la kaunta, likae kwako kwa kuwa wewe huonwi kama tishio. Ukurasa wa kwanza: jina la bendi ni la nani, na anayeondoka anaruhusiwa kulitumia au la. Wa pili: kila wimbo, nani alitunga maneno, nani alitunga melodi, nani alileta ile solo ya mwanzo ambayo watu wanaipigia miluzi. Wa tatu: kila chombo, kilinunuliwa lini na kwa pesa ya nani. Wote watie sahihi, piga picha kwa simu, mtumiane. Ifanyeni siku nzuri, mmeshiba, mnacheka. Siku ya ugomvi hakuna anayekumbuka vizuri, ila kila mtu ana uhakika.

Mkishamaliza, mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri yenu, Tunduma au Vwawa, awaelekeze kusajili kikundi BASATA na nyimbo COSOTA. Msiseme bado ni mapema. Chini ya sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, ulinzi wa wimbo unaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Maana yake, mkiacha swali la "nani alitunga" bila jibu, watalirithi wajukuu, na kinyongo kilichokaa muda huo kinakuwa kizito kama kimondo cha Ndolezi: hakuna wa kukinyanyua, mnabaki kuonyesha wageni.

10. Anayeondoka asifungiwe mlango

Siku moja mmoja wao atasusa. Atabeba gitaa lake na kuapa kwa jina la marehemu babu kwamba harudi. Usikimbie barabarani kumshika shati. Na usikubali wanaobaki wamtukane hewani.

Dunia imeona makubwa kuliko ya kwenu. Phil na Don Everly wa Marekani walitengana jukwaani, mbele ya watu, Julai 1973. Phil alivunja gitaa lake na kuondoka. Ilipita miaka kumi ndipo wakaimba tena pamoja, London, Septemba 1983. Bee Gees nao: Robin Gibb alijitoa mwaka 1969, akarudi mwaka uliofuata. Kati yake na kaka yake Barry alikuwepo Maurice, pacha wa Robin, yule wa besi na kinanda, ambaye mara nyingi husemwa ndiye aliyekuwa akiwaweka sawa. Umeona cheo chako kinavyofika mbali?

Kwa vitendo: usimwondoe kwenye grupu. Endelea kumtumia ratiba ya mazoezi, bila neno la kumbembeleza. Sauti yake kwenye wimbo isipewe mtu moja kwa moja. Semeni fulani "anashikilia" kwa sasa. Na likitokea jambo la kifamilia, msiba au ubarikio wa mtoto, mpigie wewe mwenyewe umwambie aje na gitaa. Aje apige nyimbo mbili, si lazima mzungumzie bendi.

11. Wifi na shemeji wamo bendini

Hawapigi chombo, lakini wao ndio wanaopokea ripoti kitandani, na ripoti huwa ya upande mmoja. Waalike siku ya kugawana pesa waone hesabu kwa macho yao. Mkirudi usiku wa manane, wewe ndiye utume ujumbe kwa shemeji: "Tumefika salama Mpemba, tunashusha vyombo, anakuja." Ujumbe wa mistari miwili unaokoa mazoezi ya wiki nzima.

12. Kila mtu na wimbo wake, na wewe ukiwemo

Kaka anataka sebene lisiloisha. Dada anataka injili. Kitinda mimba anataka singeli na amekuja na miwani ya jua kanisani. Mnaweza kubishana mpaka jogoo awike, au mkafanya kama Them Mushrooms, bendi iliyoanzishwa Mombasa na ndugu wa ukoo wa Harrison mwaka 1972. Hao ndio wenye "Jambo Bwana", wimbo uliozunguka dunia mpaka Boney M wakatoa toleo lao mwaka 1983. Na hawakujifungia kwenye mtindo mmoja. Wamepiga chakacha, rege, benga, na ule mseto wa zilizopendwa unaowainua wazee vitini. Chumba kilikuwa na nafasi ya kila ladha.

Kwa hiyo orodha ya shughuli igawanywe: kila ndugu anachagua wimbo mmoja ambao hakuna ruhusa ya kuupinga, na wenzake wanaupiga kwa moyo wote. Zinazobaki chagueni pamoja.

Halafu tunakuja kwako. Ndiyo, wewe uliyekuwa unasoma huku unawafikiria wao. Mpatanishi mkimya ana ugonjwa mmoja: anajua kila mtu anataka nini, ila akiulizwa yeye anasema "chochote tu". Ukisema "chochote" mara nyingi watakuzoea hivyo, na siku utakayolipuka hakuna atakayeelewa kimetokea nini. Kwa hiyo anza kidogo. Kuwe na siku moja katika wiki ambayo simu za kesi hazipokelewi. Wakikuuliza, sema ulikuwa shamba. Ukiwa na dai lako, liseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi kabla na baada. Utashangaa: watu ambao hupigiwa kelele siku zote humsikiliza sana asiyepiga kelele.

Na wimbo wako uchague leo. Mazoezi yajayo wahi kabla yao, chukua orodha, uuandike mwenyewe kwenye namba nne. Hiyo ni nafasi nzuri kuliko zote: wageni wameshakula, na hakuna aliyeanza kutafuta viatu.